Mtu wa Chokaa

Kahawa ndiyo iliyomtia Prena wasiwasi. Mjini Shkodra watu walikuwa wakinywa shayiri iliyokaangwa mpaka ikaungua, wakaiita kahawa kwa mazoea tu. Jumamosi moja mumewe, Pashk, aliingia jikoni akaweka mezani kifuko cha kahawa ya kweli. Harufu yake ilijaa nyumba nzima ikatokea dirishani.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa rafiki, kazini."

"Rafiki gani huyo? Hana mke nyumbani wa kumpelekea?"

"Prena, funga dirisha kwanza. Unataka mtaa mzima uje kunusa?"

Alifunga. Pashk alikuwa dereva wa basi la serikali, mtu wa maneno machache, na Prena alikuwa ameishi naye vya kutosha kujua kwamba akidanganya huyapunguza hata hayo machache. Siku hiyo hakusema neno jingine. Alivua viatu, akaketi, akawa anatazama meza.

Kutoka chumba cha ndani ikasikika sauti ya mama yake Pashk, Nana Mrika. "Nani anakaanga kahawa? Nimeshakufa? Haya ni matanga yangu?"

"Bado, mama," Prena alijibu.

"Basi nileteeni kikombe kabla sijafa."

Kikongwe huyo alikuwa kitandani tangu baridi ilipoanza. Miguu ilimvimba, pumzi ilimpaa kwa kugeuka tu, na daktari alisema ni moyo, umechoka, akamrudisha nyumbani. Alikunywa ile kahawa taratibu, macho kayafumba kama mtoto anayenyonya. Pashk alipotoka kwenda kupanga foleni ya mkate, mkwe alimshika Prena mkono wa nguo.

"Nataka padri."

Prena alitazama mlango. Ulikuwa mwaka wa saba tangu serikali ifunge makanisa na misikiti. Waliokuwa mapadri walikuwa gerezani, au makaburini, au wanachimba mitaro. Kuomba padri ilikuwa kama kuomba bunduki.

"Mama, mapadri hawapo tena."

"Yupo mmoja. Lazër. Wamemtoa gerezani, anabeba chokaa kwenye tanuri, barabara ya ziwani."

"Nani amekwambia hayo?"

Nana Mrika akafumba macho, akajifanya amelala. Prena alibaki amesimama na kikombe kitupu mkononi. Mtu asiyetoka kitandani alijua habari za mji kuliko yeye anayepita barabara zote kwa baiskeli. Na mgeni pekee aliyekuwa akiingia chumba kile, ukiondoa wao wa nyumbani, alikuwa Bukurie, mjumbe wa mtaa.

Bukurie mwenyewe alifika kabla ya jioni, akidai anaazima chekeche. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye nywele fupi na funguo nyingi kiunoni, na alikuwa na desturi ya kuingia bila kubisha hodi, kisha kubisha akiwa tayari ndani.

"Hodi! Mh, hapa kuna harufu ya wakubwa."

"Karibu, Ndugu Bukurie. Pashk kapewa kidogo na mwenzake."

"Kidogo!" Bukurie akavuta kiti. "Siku hizi wenzake Pashk wana moyo mzuri. Mume wangu mimi wenzake humpa mafua tu." Alimiminiwa kikombe, akanywa, akatazama ndani yake kwa muda. "Na bibi? Anaomba nini siku hizi?"

Prena alihisi masikio yanapata moto. "Maji. Anaomba maji tu."

"Maji mpeni," alisema Bukurie. Akaondoka, na chekeche akaliacha mezani.

Usiku ule Prena alimweleza mumewe. Pashk alikuwa anakata mkate wa mahindi. Kisu kikasimama katikati.

"Usilitaje neno hilo tena humu ndani. Yeyote akikuuliza, nasema yeyote, mama hajaomba kitu."

"Nani ataniuliza?"

"Kula, Prena."

"Pashk, nani ataniuliza?"

Teuta, binti yao wa miaka mitano, alikuwa akiwatazama kwa zamu huku akitafuna, na kwa ajili yake wote wawili wakaanza kuzungumzia bei ya kuni.

*

Prena hakulelewa kanisani. Baba yake alipigana vita msituni, akarudi na kadi ya Chama, na nyumbani kwao Mungu alikuwa kitu cha bibi vizee, kama dawa za mizizi. Aliolewa kwenye nyumba hii kwa sababu alimpenda Pashk, si kwa sababu ya msalaba uliokuwa ukining'inia hapo zamani na ambao sasa umebaki alama nyeupe ukutani. Kwa hiyo hakuona sababu ya kujiponza. Alijiambia kwamba mkwe atasahau.

Nana Mrika hakusahau, wala hakuomba tena. Aliacha kula. Hakugoma kwa maneno. Mtindi ulipoletwa alisema asante, ukabaki pale mpaka ukaota ngozi.

Asubuhi moja Prena alikuwa akimwosha, akaona kile ambacho alikuwa amekiona siku zote bila kukielewa. Vidole vya yule mama vilikuwa vikitembea. Kidole gumba kiligusa pingili moja, midomo ikacheza, kikaenda pingili ya pili. Rozari yake ilichomwa uani pamoja na vitabu, mbele ya majirani, na tangu hapo alikuwa akisali kwa mifupa ya mkono wake. Prena alikuwa amedhani ni mtetemeko wa ugonjwa.

"Mama, unaogopa kufa?"

"Kufa? Mwanangu, mimi nimechoka kama punda. Naogopa kwenda na mzigo ambao ningeweza kuutua hapa." Akavuta pumzi. "Wewe usijali. Una mtoto. Niache tu."

Angelia au angelaumu, Prena angeweza kukaza moyo. Lile *niache tu* ndilo lililomtoa nyumbani.

*

Tanuri la chokaa lilikuwa nje ya mji, na vumbi lake lilifanya miti yote ya pale ionekane imezeeka. Lazër alikuwa mzee mdogo wa umbo, kofia imemshuka hadi masikioni, viganja vimepasuka kwa kuunguzwa na chokaa. Prena aliegemeza baiskeli, akamsogelea.

"Ndugu Lazër?"

"Chokaa kwa kibali," alisema bila kuinua uso.

"Sijafuata chokaa. Mama mkwe wangu anakufa."

"Pole. Hospitali iko ng'ambo ya pili."

"Anataka padri."

"Hata mimi nataka samaki. Mapadri hawapo, dada. Nenda nyumbani."

"Ameniambia ni wewe."

Sasa alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa na huruma yoyote. "Baba yako nani?"

Prena alitaka kudanganya, akashindwa. "Gjon Marku."

"Gjon Marku wa Kamati ya Chama?" Lazër alicheka kidogo, cheko kavu. "Wamenitumia binti wa Gjon! Hivi wameishiwa watu?"

"Mimi sijatumwa."

"Hakuna aliyewahi kuniambia ametumwa."

Hasira zikampanda Prena. Alikuwa amedanganya kazini kwamba ana homa, halafu anachekwa na mbeba chokaa. "Na wewe je? Wenzako wangapi walioingia nawe wametoka? Kwa nini wewe umetoka? Nitajuaje hukuachiwa ili utuuze?"

Alijua amesema neno baya. Lazër aliweka koleo chini.

"Hutajua," alisema polepole. "Hilo ndilo walilolifanya. Hutajua, na mimi sitajua." Akafuta mdomo kwa mkono wa koti. "Haya. Sali Baba Yetu."

"Nini?"

"Umekuja kutafuta padri. Sali."

Prena akaanza. Alikuwa ameisikia mlangoni pa mkwe wake mara nyingi. Alifika kwenye mkate, akarudia mkate, akaruka akaingia kwenye maneno ya sala nyingine, ile ya Bikira, akachanganya, akanyamaza. Alitaka ardhi immeze. "Siijui," alisema. "Sijawahi kufundishwa. Nimekuja kwa ajili yake, si kwa ajili yangu."

Uso wa Lazër ukalegea. "Wakimtuma mtu humfundisha kwanza," alisema. "Wanaotumwa huisali vizuri kuliko mimi." Akachukua koleo lake. "Kuna ukuta unaobambuka kwenu?"

"Zote zinabambuka."

"Chukua kibali cha chokaa kwa mjumbe wenu. Nitakuja Jumatano mchana."

"Mchana?"

"Usiku ndio wanaoangalia sana."

*

Bukurie alimweka amesimama mlangoni kwake, yeye akiendelea kumenya vitunguu, huku wanawake wawili wa jirani wakisikiliza.

"Chokaa? Na mgonjwa ndani? Unataka kumuua bibi kwa harufu?"

"Msiba ukifika watu wataingia," Prena alisema. "Naona aibu kwa kuta zile."

"Ahaa. Binti wa Gjon Marku anaona aibu." Wale wawili wakacheka. Bukurie alijifuta mikono, akachukua muda wake kutafuta muhuri, akaugonga. Kisha, akimkabidhi kibali, akasema kwa sauti ya chini ambayo wenzake hawakuisikia: "Mwambie aanze na chumba cha mgonjwa."

Prena alirudi nyumbani. Alilipindua neno lile kila upande. Mtu mwema angeweza kulisema. Mtego pia ungeweza kusema hivyohivyo, kwa maneno yaleyale. Mpaka Jumatano alikuwa hajalala, na mara mbili alitaka kuikimbilia ile barabara ya ziwani akamwambie yule mtu asije.

Alikuja. Ndoo mkononi, brashi begani, kofia masikioni, akasalimia kwa sauti kama fundi yeyote. Teuta alikuwa chekechea, Pashk kazini. Prena alimwonyesha chumba, akavuta mlango, akabaki jikoni, sikio kwenye barabara. Kupitia pazia alimwona mwanamume asiyemfahamu, ameinama mbele ya lango lao, anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Mnyororo haukuwa umekatika.

Halafu lango likafunguka, akaingia Pashk. Basi lilikuwa limeharibika.

"Harufu ya nini hii? Nani yuko ndani?"

"Mtu wa chokaa."

Pashk alitazama uso wa mkewe, na damu ikamkauka usoni. Alisukuma mlango wa chumba. Lazër alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kiganja chake kilichopasuka kipo juu ya paji la uso la Nana Mrika, na mama yake analia bila sauti. Ndoo haikuwa imeguswa. Kuta zilikuwa kavu.

Pashk akageuka. Prena alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameshika miimo yote miwili.

"Nipishe."

"Utanikanyaga kwanza."

"Prena, kuna mtu nje."

"Najua yuko nje. Unakwenda kumwambia nini?"

Pashk alimtazama mkewe kama mtu aliyezabwa kofi. Kisha alifanya jambo ambalo Prena hakulitazamia. Alivua koti la udereva, akachukua brashi, akaichovya kwenye ndoo, akafungua dirisha wazi kabisa, akaanza kupaka. Alipaka kwa nguvu, chokaa ikaruka hadi darini, na akawa anagomba ili sauti ifike barabarani.

"Wewe mzee! Ndivyo mnavyopaka huko kwenu? Hebu inua mkono! Juu zaidi! Serikali inakulipa kulala?"

Yule mzee aliyekuwa akigombezwa alikuwa chini yake, amepiga magoti, akiendelea kunong'ona. Alitoa kipande kidogo cha mkate kilichofungwa kwenye kitambaa, akakiweka mdomoni mwa mgonjwa. Pashk aliendelea kupiga kelele na kupaka, machozi yakimchuruzika na kuacha njia kwenye uso mweupe.

Walipomaliza, chumba kilikuwa cheupe kama yai. Nana Mrika alikuwa ameegemea mto. Ile mikunjo ya kati ya nyusi, ambayo Prena alidhani alizaliwa nayo, ilikuwa imetoweka.

"Pashk," alisema, "umeacha kipande pale kwenye kona."

Akaomba mtindi. Akala bakuli zima. Prena alimtazama akila, na kitu alichokihisi kilimshangaza: alimwonea wivu. Yeye alikuwa kijana, mzima, ana mume na mtoto, na hakuna siku hata moja maishani alipowahi kuwa na uso ule.

Lazër alipotoka, Pashk alimsindikiza mpaka langoni akimtukana kwa uvivu. Mwenye baiskeli hakuwapo tena. Pashk alirudi jikoni, akaketi na chokaa yake, akasema bila kuulizwa:

"Waliniita, wale wa usalama. Walisema, 'Mama yako akianza kutafuta padri, utujulishe.' Nikasema sawa. Mtu anasema nini pale? Wakanipa ile kahawa niende nayo nyumbani."

"Na tumeinywa."

"Tumeinywa."

Nana Mrika alifariki Ijumaa, asubuhi, Prena akiwa anamchana nywele. Walimzika bila msalaba na bila wimbo. Waombolezaji walikuwa wengi, na desturi ni lazima wapewe kahawa, kwa hiyo walinywa ile iliyobaki. Kila mmoja aliisifu. Bukurie alikunywa vikombe viwili.

*

Waliporudi kumwita Pashk, alisema hakuja mtu yeyote ila fundi wa chokaa mwenye kibali, tena mvivu. Wakamuuliza tena, akarudia. Wiki iliyofuata basi alipewa mwingine, na yeye akapelekwa kupakia magogo milimani, Puka, akawa anarudi mara moja kwa mwezi, mgongo umepinda. Majirani waliacha kuomba chumvi kwa Prena. Kazini kwake, kiwanda cha tumbaku, walimhamishia chumba cha vumbi.

Prena alitafuta ni nani aliyewachongea. Alimshuku Bukurie, kwa ajili ya neno lile la mlangoni. Akamshuku Lazër, kwa kuwa Lazër alikuwa bado anatembea huru. Kuna usiku alimshuku hata Pashk, kwamba huenda alisema nusu na sasa anaadhibiwa kwa nusu aliyoificha, na alipogutuka na wazo hilo alijichukia. Alikuta kwamba anapokuwa hivyo kidole chake gumba hutembea kwenye pingili, kama cha mkwe wake. Maneno hakuwa nayo yote. Alisema yale aliyoyajua, alipofika kwenye mkate akaanza upya.

Kabla majani hayajaanguka, Lazër alikamatwa.

Wakazi wa mitaa yote waliamriwa kwenda ukumbi wa sinema kusikiliza kesi yake. Prena alisukumwa na umati hadi akajikuta ameketi bega kwa bega na Bukurie. Jukwaani yule mtu mdogo alikuwa amenyolewa kichwa na alionekana mdogo zaidi bila kofia.

"Taja nyumba ulizoingia!" mwendesha mashtaka alimfokea.

"Nimepaka chokaa nyumba nyingi, Ndugu. Sikumbuki."

"Nani alikuita?"

"Kuta zilizobambuka."

Watu fulani walicheka, wakanyamaza upesi. Prena alihisi aibu ikimpanda shingoni, aibu ya yale aliyomwambia tanurini. Mwendesha mashtaka alikasirika. Alizunguka jukwaa, akageukia ukumbi, akapaza sauti ili hata walio nyuma kabisa wasikie.

"Mnajua alichokuwa akikisambaza huyu? Aliwafundisha wanawake wajinga kwamba si lazima padri! Kwamba mama yeyote, jikoni kwake, anaweza kumbatiza mtoto! Kwa maji ya bomba! Anayamwaga kichwani na kusema, 'Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu,' basi, imetosha! Hivyo ndivyo wanavyotaka kutuibia watoto wetu!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Prena hakusogea. Alikuwa akitazama midomo ya yule mwanamume, akiyashika maneno moja moja kwa mpangilio wake, kama mtu anayepewa dawa na kuelezwa namna ya kuitumia. Jukwaani Lazër alikuwa ameinamisha kichwa, na Prena angeweza kuapa kwamba anatabasamu.

Kiwiko kikamchoma ubavuni. "Piga makofi, mpumbavu wewe," Bukurie alinong'ona, macho yake mbele, viganja vyake vikigongana. "Wanakutazama."

Prena akapiga makofi.

*

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Jua lilikuwa zuri, na Prena alichemsha maji, akaweka beseni uani karibu na ngazi, akamwita Teuta aje aoshwe nywele. Ng'ambo ya ukuta Bukurie alikuwa akianika shuka. Prena alifikiria kumpeleka mtoto ndani, akaacha.

Alimsugua, akamsuuza. Kisha alichota kikombe cha mwisho, akasita. Alifikiria chekechea, ambako mwalimu huwauliza watoto wamekula nini, nani kaja nyumbani, bibi anasema nini akiwa peke yake. Mtoto wa miaka mitano hana kufuli mdomoni. Angeweza kungoja. Lakini kungoja nini? Hakukuwa na mtu yeyote mjini, awe wa kumwamini au wa kumwogopa, aliyejua kesho itakuwaje. Yule aliyejua kidogo alikuwa mama mmoja kitandani, aliyekula mtindi wake akaondoka mwepesi.

Alimimina maji taratibu na kuyasema maneno yote, bila kuruka hata moja, kwa sauti ndogo.

Teuta alifuta macho. "Mama, umesema nini?"

"Nimekupa kitu. Ni chako. Hakuna anayeweza kukunyang'anya, hata wakitupeleka wapi." Akachukua taulo. "Lakini mwanangu, mwalimu akikuuliza…"

Mtoto alitazama ukuta, upande ule wa shuka, kisha akamtazama mama yake kwa uso wa mtu mzima ambao Prena hakujua ameupata lini.

"Nitasema umeniosha nywele," alisema.

Prena alimfunga taulo kichwani, akamkumbatia ili asimwone akilia, na ng'ambo ya ukuta Bukurie akaanza kuimba kwa sauti kubwa, wimbo wa mavuno, huku akizikung'uta shuka zake.